Kabla hatujawapeleka vijana wetu kwenye raga ya kulipwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa mji wa Mkoani, hapa Pemba, ambaye barua yake, iliyotoka wiki mbili zilizopita, ilipendekeza mchezo wa raga, ule wa mpira wenye umbo la yai unaokimbizwa mikononi, uanzishwe katika skuli zote za Unguja na Pemba ili vijana wetu wapate njia ya kwenda Ulaya kuucheza kwa mshahara. Mwenzangu aliandika kwa uchungu wa kweli, na hoja yake kwamba kijana mwenye kifua kipana na mapaja mazito hupuuzwa uwanjani kwa sababu tu hawezi kupiga chenga ni hoja ambayo hata mimi, niliyekuwa kijana wa aina hiyo hapa Wete, naikubali. Ninapotofautiana naye ni kwamba barua nzima ilieleza namna ya kuingia katika kazi ile na haikuwa na hata sentensi moja juu ya namna mtu anavyotoka, ilhali katika raga ya kulipwa siku ya kutoka huja mapema kuliko mchezaji anavyodhani.

Niliishi Cardiff, mji mkuu wa Wales, kuanzia mwaka 1998, kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka tisa kati ya hiyo niliajiriwa kuwa dobi wa klabu moja ya raga ambayo sitaitaja. Dobi hana cheo, lakini huwaona wachezaji wasipokuwa na jezi, wasipokuwa na kamera mbele yao, wala watu wa kuwashangilia, na huijua afya ya timu kwa kutazama nguo chafu tu: damu kwenye kola, gundi ya bendeji kwenye soksi, tope lisilotoka mabegani mwa wale wanaocheza mbele.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba nambari ya jezi katika raga ya watu kumi na tano haichaguliwi na mchezaji. Nambari hufuata nafasi: 1 na 3 ni nguzo mbili za mstari wa mbele, 2 ni yule anayeshikiliwa kati yao na kuuvuta mpira kwa mguu, 9 ndiye anayeutoa mpira kwa haraka, 10 ndiye anayeamua upigwe au ukimbizwe, na 15 hubaki nyuma peke yake kama mlinzi wa shamba. Katika soka mtu huweza kuishikilia nambari yake mpaka ikawa kama jina la pili. Kule klabuni kwetu Jumamosi moja niliifua nambari 3 ya mtu aliyetolewa uwanjani kwa machela, na Jumamosi iliyofuata nikaikunja nambari 3 ile ile nikaiweka juu ya benchi la mtu mwingine, na majukwaa yakashangilia kama yalivyoshangilia wiki iliyotangulia. Mwenye mguu uliovunjika alikuja dirishani kwangu siku hiyo kuchukua taulo, akaitazama ile jezi, akaondoka bila ya kusema kitu.

Niseme kidogo juu ya historia, kwa sababu mwenzangu aliandika kana kwamba mshahara katika raga ni jambo la tangu zamani. Raga ina matawi mawili, nayo yalitengana kwa ajili ya fedha. Mwaka 1895 klabu za kaskazini ya Uingereza, ambazo wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, zilitaka mtu anayekosa ujira wa Jumamosi kwa ajili ya mchezo afidiwe. Wakubwa wa mchezo walikataa, na klabu hizo zikakutana Huddersfield na kujitoa, na ndiyo asili ya raga ya ligi, ambayo leo huchezwa na watu kumi na watatu. Tawi lililobaki, raga ya yunioni, lilijivunia kutolipa kwa miaka mia moja kamili, na mchezaji wake aliyepokea fedha upande wa pili alifungiwa maisha. Ni tarehe 26 Agosti 1995 tu, mjini Paris, wiki chache baada ya Afrika Kusini kutwaa Kombe la Dunia mbele ya Mzee Mandela kwa kuifunga New Zealand 15-12, ndipo bodi ya kimataifa ilipotangaza kwamba mchezaji wa yunioni anaweza kulipwa. Kwa hiyo kazi tunayoizungumza, kama kazi halali ya kuandikiwa mkataba, ni changa kuliko wengi wa wazazi wanaotakiwa kuwatoa watoto wao waifuate.

Katika mitaa ya bandarini pale Cardiff, iliyokuwa ikiitwa Tiger Bay na kukaliwa na mabaharia wa Kisomali, wa Kiyemeni na wa Afrika Magharibi, wazee hawachoki kumsimulia Billy Boston, mtoto wa baharia kutoka Sierra Leone, aliyezaliwa mwaka 1934. Kijana yule alitamani kuichezea Wales na hakuitwa, na mwaka 1953 alikubali pauni 3,000 za klabu ya Wigan akaenda kaskazini kucheza ligi, akijua kwamba mlango wa yunioni umefungwa nyuma yake. Aliifungia Wigan trai 478, yaani mara zote hizo aliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Sanamu yake imesimama leo Cardiff pamoja na za wenzake wawili, na mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90, alipewa na Mfalme wa Uingereza heshima ya kuitwa Sir, mchezaji wa kwanza wa raga ya ligi kuipata. Kisa hiki kinafurahisha masikioni, lakini naomba msomaji ahesabu miaka: heshima ilimfikia zaidi ya nusu karne baada ya miguu yake kupumzika, na aliyemlisha wakati wote huo si mchezo.

Sasa tuje kwenye mshahara wenyewe. Ni kweli kwamba Ufaransa, Uingereza na Japani zipo klabu zinazolipa vizuri, na kwamba mchezaji wa timu ya taifa kubwa huishi maisha ya raha. Hata hivyo mikataba niliyoisikia ikizungumzwa kwenye chumba cha nguo ilikuwa ya msimu mmoja, miwili, kwa nadra mitatu, na kila ulipofika mwezi wa Machi wale ambao mikataba yao ilikuwa ikimalizika walikuwa hawalali. Kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mke na mtoto mchanga aliniuliza siku moja kama kwetu Afrika zipo klabu zinazotafuta watu. Aliuliza kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa ya mzaha.

Klabu nayo yaweza kufa huku mchezaji angali hai na ana mkataba mkononi. Mwaka 2022 klabu mbili za ligi kuu ya Uingereza, Worcester Warriors na Wasps, zilizama katika madeni ndani ya wiki chache, na mwaka uliofuata London Irish ikazifuata. Wasps haikuwa klabu ya vichochoroni, maana ilishawahi kuwa bingwa wa Ulaya mara mbili, 2004 na 2007. Hata hivyo wachezaji wake waliamka asubuhi wakaambiwa kwamba hawana kazi. Mwezi wa Februari 2023 wachezaji wa timu ya taifa ya Wales, nchi ambayo raga kwao ni kama dini ya pili, walitishia kugoma wasicheze na Uingereza kwa sababu wengi wao hawakujua kama msimu ujao watakuwa na mshahara. Mechi ilichezwa baada ya maafikiano, na mimi niliisikiliza nikiwa hapa Wete kwa simu ya rafiki yangu mmoja aliyekuwa kule, naye aliniambia kwamba waliokuwa wakiimba wimbo wa taifa kwa machozi siku ile hawakulia kwa uzalendo peke yake.

Juu ya mwili nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo barua ya mwenzangu ilipopita mbio. Mchezo ni dakika themanini. Katika skramu watu wanane wa kila upande huinamishana na kusukumana, na uzito wa upande mmoja katika mechi za kimataifa hukaribia kilo mia tisa, ambazo nyingi kati yake hupita shingoni mwa watu watatu wa mbele. Baada ya skramu kuna kukamatana na kuangushana, tena na tena. Mikono iliyovunjika na magoti yaliyochanika ni mambo ya kila wiki, nayo angalau huonekana na hutibika. Tatizo kubwa ni kichwa.

Alikuwapo katika klabu yetu kijana mmoja kutoka visiwa vya Pasifiki, mpole, mwenye kimo cha mlango, ambaye kila Jumatatu alikuja dirishani kwangu kuchukua soksi zake. Jumatatu moja alikuja, nikampa, akashukuru. Baada ya nusu saa akarudi akaomba soksi. Nikadhani ananitania, nikacheka, nikamwambia anazo mkononi. Alipokuja mara ya tatu nilicheka kwa sauti kubwa zaidi na wenzangu wakacheka nami, na yeye mwenyewe akacheka, kisha Jumamosi akacheza. Leo najua kwamba ubongo wake ulikuwa umetikisika katika mechi ya siku mbili nyuma na kwamba hakustahili hata kukimbia, sembuse kucheza. Miaka ile hatukujua, au walijua waliotakiwa kujua. Mimi nimebaki na kicheko changu.

Anayetaka ushahidi mkubwa kuliko wa dobi amtazame Steve Thompson, aliyevaa nambari 2 ya Uingereza siku walipoifunga Australia 20-17 mjini Sydney na kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 42, alijitokeza hadharani kueleza kwamba amegunduliwa kuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yale tunayoyajua kwa wazee wa miaka themanini, na kwamba haikumbuki fainali ile aliyoishinda. Baada yake wamejitokeza wengi, na wamewashtaki mahakamani wasimamizi wa mchezo. Ni haki kusema kwamba mambo yamebadilika: mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa sasa hutolewa nje akapimwa kabla ya kurudishwa, kumkamata mtu juu ya mabega huadhibiwa, mara nyingine kwa kadi, na tangu mwaka 2024 wachezaji wa ngazi za juu huvaa kilinda meno chenye kifaa cha kupima nguvu ya mgongano na kumpasha habari daktari aliye pembeni ya uwanja. Swali langu kwa mwenzangu wa Mkoani ni dogo tu: katika viwanja vya skuli zetu, ambako mara nyingi hata bendeji hununuliwa kwa michango, daktari huyo atakuwa nani?

Hata asipoumia, mchezaji ana miaka michache. Jonah Lomu wa New Zealand, ambaye kwa maoni yangu hajatokea wa kumfikia, aliichezea timu yake ya taifa kuanzia mwaka 1994 hadi 2002, akafunga trai 15 katika Makombe mawili ya Dunia, na muda mwingi alikuwa akicheza na maradhi ya figo yaliyogunduliwa mwishoni mwa mwaka 1995. Maradhi hayo hayakutokana na raga, lakini yalimtoa katika timu ya taifa akiwa na umri wa miaka 27. Alibadilishiwa figo mwaka 2004, na Novemba 2015 akafariki, Mungu amrehemu, ana miaka 40. Sisi watu wa Pemba tumezoea mkarafuu, ambao humlisha babu na mjukuu wake. Mwili wa mchezaji huvunwa misimu kumi, ukizidi sana kumi na mitano, na msimu wa mwisho haupigi hodi.

Nisieleweke vibaya kwamba naupinga mchezo. Siya Kolisi alizaliwa mwaka 1991 katika mtaa wa kimasikini wa Zwide, Port Elizabeth, na leo ndiye nahodha aliyeiongoza Afrika Kusini kutwaa Kombe la Dunia mara mbili mfululizo, 2019 na 2023. Lakini kilichomtoa Zwide ni nafasi ya masomo: walimu walimwona angali mtoto, wakampa skuli nzuri kwanza, na raga ikakua ndani ya skuli hiyo. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, aliichezea Afrika Kusini mechi 117 naye pia alipitia njia ya skuli. Jirani zetu Wakenya, ambao timu yao ya wachezaji saba iliishangaza dunia Aprili 2016 kwa kuipiga Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, wana mashindano ya skuli na ya vyuo yaliyoshika mizizi kwa miaka mingi, na hata wao, pamoja na mizizi hiyo, si mara moja wala mbili wachezaji wao wamelalamika hadharani juu ya malipo.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Mzanzibari si dogo. Mchezaji wa kulipwa hukodisha kifua chake, na mkataba ndio unaosema ni tangazo gani litakalobandikwa juu yake. Sonny Bill Williams, Muislamu aliyetwaa Kombe la Dunia na New Zealand mara mbili, aliiziba kwa utepe nembo ya benki iliyokuwa kwenye kola ya jezi yake mwaka 2017 kwa kuwa hakutaka kutangaza riba, na baada ya mazungumzo wakubwa wa mchezo wa nchi yake walimkubalia asivae nembo za benki, za pombe wala za kamari. Alikubaliwa kwa sababu alikuwa Sonny Bill Williams. Kijana wetu wa miaka kumi na tisa aliyewasili juzi kutoka Konde, asiyesoma vizuri lugha ambayo mkataba wake umeandikwa, hataweza kuziba hata herufi moja. Vile vile ajue kwamba akishaichezea nchi nyingine hataweza kurudi kuichezea nchi yake apendavyo. Kanuni ya sasa inamtaka akae nje ya mechi za kimataifa miaka mitatu kwanza, na ana bahati kwamba ipo, maana zamani mlango ulikuwa umekomelewa kabisa.

Niliyoyaandika hapo juu yamenisukuma nimalizie na habari iliyonifanya nishike kalamu hasa. Mzazi mmoja wa wilaya ya Micheweni alinijia baada ya kuisoma barua ya mwenzangu, akanionyesha ujumbe wa simu kutoka kwa mtu anayejiita wakala, anayetaka alipwe kwanza ada ya majaribio na ya viza ili mtoto wake apelekwe kwenye klabu ya raga ya Ulaya. Mtoto mwenyewe hajawahi kuushika mpira wa raga. Nilimwambia mzazi yule kile nilichokiona kwa macho yangu kwa miaka tisa: wageni wote waliofika klabuni kwetu, klabu yenyewe ndiyo iliyowalipia nauli na mahali pa kulala, na sikuwahi kumwona aliyenunua nafasi yake. Naliomba Baraza la Michezo liwaelekeze masheha na walimu wakuu kwamba mtu yeyote anayewakusanya vijana kwa jina la mchezo, uwe raga au mwingine, aonyeshe kwanza barua ya klabu anayoiwakilisha, na mkataba usomwe na mwanasheria kwa Kiswahili mbele ya mzazi kabla ya kidole gumba kugusa wino.

Ama kuhusu skuli zetu, kama raga itaanzishwa, na ningependa ianzishwe, ianze ile ya kugusana tu bila ya kuangushana, wavulana na wasichana, kwenye mchanga au kwenye nyasi. Wasichana nawataja kwa makusudi, kwani fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ya Septemba 2025 mjini London, ambayo Uingereza iliifunga Kanada 33-13, ilitazamwa uwanjani na watu 81,885, na wengi wa Waingereza wale wanalipwa mshahara wa kudumu ambao kabla ya mwaka 2019 haukuwapo kwa mwanamke wa raga ya watu kumi na tano nchini mwao. Kuangushana kuje baadaye, akishapatikana mwalimu aliyefundishwa namna ya kukiepusha kichwa, na mtu wa tiba aliye tayari kumtoa mtoto nje hata kama mashabiki wanazomea.

Nilirudi na mipira mitatu ya raga, miwili ikiwa imechakaa na mmoja mpya. Mimi si mwalimu wa mchezo, lakini kuupasi mpira kwa nyuma huku unakimbia mbele nakujua, na hilo ndilo linalowashinda wengi mwanzoni. Mwenzangu wa Mkoani akikubali, tukutane uwanja wa Gombani Jumamosi yoyote baada ya Alasiri, yeye alete vijana wake na mimi nilete mipira, kwa sharti moja tu kwamba kila kijana aje na ripoti yake ya skuli ya muhula uliopita.

Wako mtiifu,
Dobi mstaafu,
Wete, Pemba